Ufa Uliofumba Haujapona: Wapi pa Kuweka Pesa Shasi ya Pikipiki Inapopasuka Cimpunda

Injini ya pikipiki ikianza kuchoka hukuambia: inatoa moshi, inagonga, inakula oili. Shasi haina mlio. Inabeba abiria, gunia la makaa, jerikeni za maji na mabati ya mtu anayejenga kule juu. Inapanda na kushuka mawe ya Cimpunda mwaka mzima, kisha siku moja keria inalala upande au shingo inaachia, na dereva anasema imekatika ghafla. Haikukatika ghafla. Ilikuwa inakatika kwa miezi, kidogo kidogo, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiiosha kila asubuhi.

Cimpunda ni mtaa wa komine ya Kadutu, Bukavu, mji uliopanda vilima kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Njia zake nyingi hazina lami, na mvua za kuanzia Septemba hadi Mei huzichimba upya kila mwaka. Hapa pikipiki ni mtaji wa familia. Mara nyingi mwenye nayo ni mmoja na anayeiendesha ni mwingine, anayepeleka hesabu kila jioni. Ufa ukionekana, dereva anataka arudi barabarani upesi, mwenye mali anataka atoe pesa kidogo, na wote wawili wanaangukia uamuzi ule ule: fundi wa karibu, bageti mbili tatu za kuchomelea, mshono juu ya ufa, safari iendelee. Katika njia zote zilizopo, hiyo ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko nyingine zote. Ipo njia bora ambayo fundi mchomeleaji wa Kadutu anaiweza kwa vyombo alivyo navyo, na tofauti ya bei ni ndogo.

Kabla ya hesabu, neno kuhusu bei. Za hapa ni za mfano, kwa dola, maana bei ya vipuri hupanda na kushuka kwa faranga, kwa hali ya mpaka na kwa hali ya barabara. Weka mahali pake bei uliyotajiwa wewe. Mpangilio wa hesabu utabaki vilevile.

Unachonunua ni mitikisiko

Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, kikunje na kukikunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza hakuna kitu. Baada ya mara kadhaa kinakatika mkononi, ingawa hakuna hata mara moja uliyotumia nguvu ya kukivuta kikakatika. Hivyo ndivyo chuma kinavyochoka. Mzigo ambao kingeubeba mara moja bila shida kinaushindwa ukirudiwa mara laki na malaki. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa utaratibu kati ya miaka ya 1850 na 1870, baada ya ekseli za mabehewa kuendelea kukatika zikiwa zinabeba uzito ambao zilipaswa kuumudu. Alichokipata bado ndiyo msingi: kinachokiua chuma ni ukubwa wa mpando na mshuko wa mzigo, na idadi ya marudio.

Sasa tuhesabu marudio ya Cimpunda. Tuseme pikipiki inapata mtikisiko mmoja mkali kila mita 10, na inatembea kilomita 60 kwa siku. Hiyo ni mitikisiko 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi inakuwa 156,000, na kwa mwaka inakaribia 1,900,000. Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji hupanga ubora wa viungo vilivyochomelewa kwa kuangalia vinavyostahimili marudio 2,000,000. Maana yake, idadi ambayo wahandisi huitumia kupimia ubora wa kiungo, pikipiki ya teksi hapa inaimaliza karibu ndani ya mwaka mmoja.

Kwa viungo vya kuchomelea ipo kanuni moja ambayo kila mwenye pikipiki angefaa kuijua kama anavyojua bei ya mafuta: maisha ya kiungo hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ukizidisha mkazo mara mbili, maisha hayapungui nusu. Yanabaki sehemu moja ya nane. Keria iliyoundwa kubeba kilo 25, ukiifungia kilo 50 kila siku, ile ambayo ingedumu miezi 24 itadumu 3. Na kinyume chake kina faida: punguza mzigo kwa sehemu moja tu kati ya tano, maisha yanakaribia kuongezeka maradufu.

Ufa wenyewe nao una tabia yake. Huanza mahali penye kasoro, na kwenye shasi kasoro hukaa karibu kila mara ukingoni mwa mshono, pale chuma kilichoyeyuka kinapokutana na bomba. Mwanzoni unakua polepole mno. Kadiri unavyorefuka ndivyo unavyoongeza kasi, kwa sababu chuma kilichobaki kinabeba mzigo wote. Kwa hesabu iliyotokana na kazi ya Mmarekani Paul Paris mwanzoni mwa miaka ya 1960, ufa wa milimita 4 kwenye bamba la kawaida la chuma hukua kwa kasi ya karibu mara 8 kuliko ufa wa milimita 1. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi na kaufa kadogo miezi mingi akazoea, kisha wiki moja mambo yakaharibika. Na ndiyo maana ufa uliogunduliwa mapema ni rahisi kuutengeneza kuliko uliosubiriwa.

Kufumba si kupona

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, na mimi naona ndipo pesa nyingi inapopotea.

Pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, bila abiria, ufa hufumba. Pande zake mbili zinakutana, rangi na vumbi vinajaza mstari, na jicho halioni kitu. Mwaka 1968, katika utafiti wake kwenye Chuo Kikuu cha New South Wales huko Sydney, Wolf Elber alionyesha jambo la kushangaza zaidi: ufa wa uchovu unaweza kuwa umefumba hata wakati chuma bado kinavutwa. Ufa ukipita, huacha nyuma yake tabaka la chuma kilichonyooka na kutuna kidogo, na matuta hayo ya pande mbili yanagusana kabla mzigo haujaisha. Katika majaribio yake ya aloi ya alumini, mzigo ulipokuwa unatoka sifuri hadi kileleni, ufa ulifunguka tu mzigo ulipofika kama nusu ya kilele.

Kuna faida ndani yake, kwa sababu wakati ufa umefumba haukui. Hata kishindo kimoja kikubwa, kama kuangukia shimo, huweza kuupunguzia ufa kasi kwa muda, maana kwenye ncha yake chuma kimenyooka na sasa kinabanwa na chuma kinachokizunguka. Lakini mtu asijenge nyumba juu ya hilo. Kasi hurudi, na kishindo chenyewe kinaweza kukata kilichobaki. Uzoefu wa dereva anayesema "niliona kaufa mwezi jana, sasa hakaonekani, nadhani kameziba" ni wa kweli kwa macho, na ni wa hatari kwa mwili.

Je, chuma kinaweza kupona chenyewe? Julai 2023, watafiti wa maabara ya Sandia na Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameuona ufa wa uchovu ukijiunga tena. Walikuwa wanavuta kipande cha platini chenye unene wa nanomita 40 mara 200 kwa sekunde, na baada ya kama dakika 40 ncha ya ufa ikashikamana upya, sehemu ya nanomita 18. Michael Demkowicz alikuwa ameubashiri uwezekano huo kwa hesabu tangu 2013. Ni ugunduzi mkubwa, ila ulitokea ndani ya ombwe, pasipo hewa, na kwa platini, metali isiyoshika kutu. Shasi ya chuma Cimpunda inapumua hewa na kunywa mvua. Mara ufa unapofunguka, kuta zake zinashika kutu, na chuma chenye kutu hakigandani na chuma chenye kutu hata ukibane namna gani. Kwa pikipiki yako, ufa una mambo mawili tu ya kufanya: kusubiri au kukua.

Kwa hiyo ukaguzi ufanywe mzigo ukiwepo, na bei yake ni chupa ndogo ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Karakana za reli zilitumia njia ya namna hii tangu karne ya 19. Osha tope kwa sabuni, kausha, kisha kwangua rangi kwa msasa pale unapopashuku: shingoni panapopita usukani, kwenye mishono inayoshika injini, pale keria inapoungana na shasi, kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na penye stendi. Paka mafuta ya taa kwa brashi, subiri robo saa, futa kabisa mpaka pakauke, halafu sugua chaki nyeupe juu yake. Mtu mzito akae nyuma na kuruka-ruka. Ufa ukiwapo, utafunguka na kufumba, utatema mafuta uliyoyanywa, na mstari mweusi utajichora kwenye chaki. Zipo kopo za dawa nyekundu za kazi hii, zenye msafishaji na poda yake, na zinaona nyufa nyembamba zaidi. Zina bei. Mtu mmoja hana haja ya kuzinunua. Wengi kwa pamoja wanayo, nami nitalirudia hilo mwishoni.

Asiyeona umuhimu wa ukaguzi na aikumbuke Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Dan-Air iliyotoka London, ikapitia Athens na Nairobi, ikaanguka tarehe 14 Mei 1977 ikiwa inakaribia kutua Lusaka. Watu wote 6 waliokuwamo walikufa. Bawa la mkia upande wa kulia lilikuwa limekatika angani kwa ufa wa uchovu uliokuwa ukikua kwenye boriti yake ya nyuma. Ndege ile ilikuwa na sehemu za akiba, zilizokusudiwa kubeba mzigo ikiwa moja ingekatika. Kilichokosekana ni ukaguzi wa kuuona ufa mapema, na akiba isiyojulikana kuwa imebaki peke yake hushindwa nayo.

Njia nne, na mwezi mmoja unagharimu kiasi gani

Njia ya kwanza ni ile iliyozoeleka: kuchomelea juu ya ufa. Tuseme fundi anataka dola 5, na pikipiki inalala kazi siku moja, hasara ya dola 7 za hesabu. Jumla 12. Ufa haukutolewa. Umefunikwa paa, na chini ya mshono mpya ncha yake bado ni kali, tena sasa chuma cha pembeni kimeunguzwa na kupoa kwa haraka. Tuseme unadumu miezi miwili. Kila mwezi umekugharimu dola 6. Kwa mwaka ni 72, na kila unaporudia, mshono unakuwa mnene na mbaya zaidi, mpaka fundi mwenyewe anakuambia bomba limekwisha.

Njia ya pili ni kuutoa ufa kisha kuchomelea. Fundi anautafuta mwisho wa ufa kwa mafuta ya taa, anatoboa tundu dogo kwenye ncha yenyewe kwa keekee ya milimita 5 au 6 ili ufa usikimbie. Tundu likiikosa ncha, kazi imekuwa bure. Halafu anausaga ufa wote kwa diski, anafanya mfereji wa umbo la V mpaka chuma safi kionekane, anaujaza kwa chuma kipya mpaka chini. Tuseme dola 15 na siku mbili za kulala kazi, jumla 29. Ikidumu mwaka, kila mwezi ni dola 2 na senti 40 hivi.

Ndani ya njia hii ya pili kuna nyongeza ndogo ambayo kwangu ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote: kusaga kingo za mshono baada ya kuchomelea. Mshono ukiachwa kama ulivyo, ukingo wake unaacha pembe kali na vishimo vidogo, na ufa mpya huzaliwa hapo. Ukisagwa ukalainika, ukashuka taratibu kwenye bomba, miongozo ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji inakubali kiungo kistahimili mkazo mkubwa zaidi mara 1.3. Kwa kanuni ya kipeo cha tatu, hiyo ni maisha ya karibu mara 2.2. Tuseme fundi anaongeza dola 3 kwa nusu saa ya kusaga. Jumla imekuwa 32, na mwaka mmoja umegeuka miezi 26. Kila mwezi ni dola 1 na senti 20 hivi. Hakuna kipuri chochote sokoni kinachokupa mwaka mzima wa ziada kwa dola 3. Fundi asisage kwa haraka akala bomba lenyewe; mikwaruzo ya diski imalizikie kwa kufuata urefu wa bomba, isilikate kwa upana.

Njia ya tatu ni shasi iliyotumika, kutoka kwenye pikipiki iliyobomolewa. Tuseme 60 kwa shasi, 40 kwa kuhamisha injini na nyaya, na siku tano za kulala kazi, 35. Jumla 135. Hapa mnunuzi huuliza mwaka wa kutengenezwa. Swali hilo halimsaidii, kwa sababu chuma hakizeeki kwa miaka. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, Comet iliyoitwa Yoke Peter, iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe. Tarehe 10 Januari 1954 ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Ilikuwa bado mpya kwa kalenda, lakini ilikuwa imejazwa hewa na kutolewa hewa katika safari 1,290, na idadi hiyo ndiyo iliyoimaliza. Shasi ya miaka minne iliyokaa kwa mwalimu anayekwenda kazini na kurudi ni changa kuliko shasi ya mwaka mmoja iliyopandisha mizigo Cimpunda. Ukinunua, uliza ilifanya kazi gani, kisha mwaga mafuta ya taa na chaki kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Njia ya nne ni shasi mpya. Tuseme 150, na gharama zilezile za kuhamisha na kulala kazi, jumla 225. Ikidumu miaka mitano kwa matumizi ya kiungwana, kila mwezi ni dola 3 na senti 75. Tazama vizuri hapo: shasi mpya, kwa mwezi, ni nafuu kuliko mshono wa dola 5 juu ya ufa. Na shasi iliyotumika ya mfano wetu lazima idumu miezi 36 ndiyo ilingane na mpya. Wachache wanaweza kukuhakikishia miezi 36 ya kitu wasichokijua kilikotoka. Katika njia ya tatu na ya nne kuna gharama nyingine ambayo watu huisahau hadi wasimamishwe barabarani: namba iliyogongwa kwenye shingo ya shasi ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi zako. Shasi ikibadilika, karatasi nazo zibadilike, na hilo lina muda wake na pesa yake.

Pasipochomelewa

Hesabu ya nafuu ina mpaka. Keria, stendi, vishikio vya injini, bomba la kiti: hivi vikikatika utaanguka polepole au utasimama tu, na njia ya pili inafaa. Shingo ya usukani, mkono wa gurudumu la nyuma, ekseli, na nguzo za shokomzoba za mbele ni jambo jingine. Vikikatika kwenye mteremko, abiria wawili wakiwa nyuma, hakuna wa kusimulia hesabu. Hapo nunua kipya hata kama itabidi pikipiki isubiri mwezi. Naomba wenye pikipiki walisome hili kama amri, kwa sababu anayelala hospitali ni dereva.

Wenye magari ya mizigo wanaokwenda Uvira na Kavumu wana lao: springi za bapa. Chuma chake kina kaboni nyingi na kimepikwa maalumu ili kiwe na unyumbufu. Ukikichomelea, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu na pakavu, na patakatika papo hapo au karibu yake. Bapa moja likikatika, badili bapa hilo. Mshono wa springi ni pesa iliyotupwa, kwa bei yoyote.

Bageti, umeme na fundi

Wengi huuliza kama walipie bageti ya bei ya juu. Kwa bomba la shasi ya pikipiki, ambalo ni chuma laini na chembamba, bageti ya kawaida ya aina ya 6013, nyembamba, inatosha ikiwa kavu. Ile ya 7018 husifiwa kwa kazi nzito, na sifa ni zake kweli, lakini inadai kutunzwa kwenye joto na ukavu tangu paketi ifunguliwe. Ikikaa wiki mbili wazi kibandani katika unyevu wa Bukavu, imekwisha kunywa maji, na maji hayo huingiza haidrojeni inayokipasua chuma ndani kwa ndani. Usilipie jina lililoandikwa kwenye boksi. Pia chuma chenye nguvu zaidi au mshono wenye nguvu zaidi hauongezi maisha ya kiungo dhidi ya uchovu. Umbo la mshono ndilo linaloamua. Dola mbili za tofauti ya bageti zipeleke kwenye kusaga.

Umeme ni jambo zito zaidi. Umeme wa shirika la SNEL ukishuka nguvu, moto wa mashine unakuwa dhaifu, na chuma kilichoyeyuka kinakaa juu ya bomba bila kuingia ndani. Kwa nje mshono unapendeza, ndani haujashika. Fundi mkweli atakuambia usubiri umeme utulie, au atawasha jenereta na kukuongezea bei. Lipa. Kabla hajaanza, tangi la mafuta litolewe na betri ichomolewe. Mitaa ya Kadutu imesongamana, nyumba nyingi ni za mbao, na wakazi wake wanajua moto ukianza unavyokimbia.

Zungumza na fundi kwa heshima, lakini zungumza. "Papa fundi, naomba kwanza tuone mwisho wa ufa. Utoboe, usage mpaka chini, ndipo uchomelee. Ukimaliza, kingo za mshono tuzilainishe, hiyo nitakuongezea." Fundi anayejua kazi atafurahi kupata mteja wa namna hiyo, maana mara nyingi ni wateja wanaomharakisha. Akipendekeza kuweka bamba la kuimarisha, likubali kwa sharti: ncha za bamba zikatwe ziwe nyembamba, zisikome ghafla juu ya bomba. Bamba nene lililokatwa mraba huhamisha ufa tu, na baada ya miezi utaukuta umezaliwa ukingoni mwa bamba lenyewe.

Ya bure

Kaza nati. Boliti iliyokazwa sawasawa haihisi mpando na mshuko wa mzigo kwa kiasi kikubwa. Iliyolegea inaupata wote, na huchoka upesi. Spoki za gurudumu ni vivyo hivyo. Spoki zinazokatika-katika kwenye kiwiko chake, karibu na kitovu cha gurudumu, kwa kawaida zililegea kwanza. Kuzikaza zote kwa usawa kunamchukua fundi wa magurudumu muda mfupi, na ni nafuu kuliko kubadili moja moja kila mwezi.

Zuia kutu, kwa sababu kila kishimo cha kutu ni mlango wa ufa, na chuma kinacholiwa na maji hupoteza uwezo wake wa kustahimili mzigo mdogo bila mwisho. Mkebe mdogo wa rangi baada ya kila ukaguzi unatosha. Sogeza gunia mbele, karibu na kiti, usilining'inize mwisho wa keria. Punguza mwendo kwenye mawe. Kishindo ni mzigo.

Wanaojenga nao hesabu hii inawafikia. Upepo unapolivuta bati juu chini, chuma huchoka kuzunguka tundu la msumari. Kimbunga Tracy kilichoupiga mji wa Darwin, Australia, siku ya Krismasi 1974 kiling'oa paa nyingi kwa njia hiyo hasa. Kati ya kununua bati la geji 32 na la geji 30, ambalo ni nene zaidi, tofauti ya bei ni ya kufikiria. Misumari yenye kofia pana na mpira wake, iliyopigwa karibu karibu pembezoni mwa paa panapovutwa zaidi, ni lazima kwa yote mawili.

Neno langu la mwisho ni kwa vyama vya wanamotari wa Kadutu. Mnakusanya michango ya misiba na ya ajali. Tengeni sehemu yake mnunue vitu vitatu vya pamoja: mashine moja ya kusagia, seti moja ya dawa nyekundu ya kuonyeshea nyufa, na siku ya fundi mmoja mzuri kila mwezi, apite kwenye kituo akague shingo na mkono wa nyuma wa kila pikipiki. Gharama hiyo ikigawanywa kwa wanachama wote, kila mmoja atatoa kidogo kuliko anachotoa leo kwa mshono mmoja juu ya ufa. Anzeni kabla ya mvua za Septemba.